Bei poa inatumaliza, wasee

Kuna swali moja ambalo sisi watu wa Kondele tunaliogopa kuliko kitoa machozi. Ni swali fupi tu: "Umeitoa wapi?" Jamaa akikuletea simu usiku, au meko, au kioo cha pembeni cha Vitz kimefungwa kwa gazeti, ukimuuliza hivyo anakuangalia kama wewe ndiye umemkosea. Basi hatuulizi. Tunatoa doh, tunafunga mlango, tunalala. Wiki mbili baadaye tunaamka na kupata mlango wetu umeng'olewa, na hapo ndipo tunakumbuka kulaani polisi.

Kila wiki naulizwa mambo mawili kwenye inboksi. La kwanza: bro, nitanunua gari aje bila kupigwa? La pili: nifanye nini wezi wasiingie keja? Nilipanga kuandika makala mbili, moja ya magari na nyingine ya kufuli. Nikakaa nayo, nikaona ni hadithi moja. Anayekuuzia gari ambalo hana haki ya kuliuza na anayekuibia runinga wote wanamtegemea mnunuzi ambaye akisikia bei poa, masikio yanaziba.

Nianze na gari, kwa sababu hapo ndipo familia yetu ilipigwa vibaya zaidi.

Mjomba wangu, ambaye kwetu tunamwita nera, alikuwa mpishi katika shule ya bweni kwa miaka mingi. Alipostaafu na kupata kiinua mgongo chake, alisema hataki kulima. Alitaka Probox ya kubeba watu kutoka Kisumu hadi Luanda na kurudi. Si wazo baya. Simama barabara ya Busia asubuhi utaona Probox na Sienta zimebeba watu mpaka kwenye buti. Akapata moja mtandaoni kwa shilingi 380,000. Wakati huo, zenye hali kama hiyo zilikuwa zinaulizwa zaidi ya nusu milioni.

Nilimuuliza, "Nera, mbona bei iko chini hivi?"

Akanijibu, "Okewa, huyu mtu ana shida ya haraka. Bibi yake amelazwa hospitali."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na kwetu mtu ambaye hakumaliza chuo hapewi nafasi ya kumshauri mzee kuhusu pesa zake. Nikanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kunaniuma mpaka leo.

Walikutana kwenye kituo cha mafuta. Muuzaji alikuwa smati, mpole, na nakala ya logibuku yenye jina lake na kitambulisho kinacholingana. Wakaandikiana karatasi juu ya boneti. Pesa zikahesabiwa ndani ya gari. "Transfa nitakufanyia wiki ijayo, mzee," akasema. Wiki ya tano wakaja watu wa mnada na lori la kukokota. Gari lilikuwa limewekwa dhamana ya mkopo, na mwenyewe alikuwa ameacha kulipa kitambo. Ile nakala aliyoonyesha ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilitolewa kabla hajachukua mkopo. Nera akakimbia polisi, akapewa nambari ya OB. Simu ya muuzaji ikawa mteja. Gari likaenda na pesa zikaenda.

Habari yote aliyokosa nera ingepatikana kwa shilingi 550. Unaingia eCitizen, unaenda kwa huduma za NTSA, unaandika nambari ya usajili ya gari, unalipa kwa M-Pesa, unapewa rekodi inayoonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani, nambari ya chasisi ni gani, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja na mwenye gari. Shilingi 550 ni ngege mmoja wa kukaanga na kuon pale Dunga. Tunanunua samaki bila kufikiria, halafu tunatoa laki tatu na themanini kwa imani.

Na usiishie hapo. Tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, kuna rejista ambapo wakopeshaji huandikisha vitu walivyoshikilia, magari yakiwemo. Nayo iko kwenye eCitizen. Watu wengi hata hawajui ipo. Mwenye kukuuzia akikataa kukupa maelezo ya kitambulisho chake ili uangalie huko, hapo pia umepata jibu.

Ukishapata rekodi, chukua tochi uende kuangalia chuma chenyewe. Nambari ya chasisi na ya injini lazima zilingane na karatasi, herufi kwa herufi. Pahali nambari imegongwa, paguse kwa kidole. Ukihisi alama ya kulehemu, au rangi mbichi, au herufi hazijakaa mstari mmoja, nenda zako. Usingoje kuelezwa, kwa sababu hawa watu wakianza kueleza unaweza kuamini. Halafu angalia vioo vya madirisha. Wengi wetu Kenya tunachora nambari ya usajili kwenye vioo, kwa hivyo gari lenye kioo kimoja cha nambari nyingine lina hadithi ambayo hujaambiwa.

Kuhusu transfa, watu hujifanya ni kitu cha baadaye. Sheria ya Trafiki inasema yule aliyesajiliwa ndiye anahesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na gari likishauzwa halifai kuwa barabarani zaidi ya siku 14 bila mwenye mpya kusajiliwa. Kwa hivyo muuzaji pia yuko kwenye hatari. Ukigonga mtu huko Ahero na gari bado liko kwa jina lake, yeye ndiye atakayetafutwa kwanza. Mwambie hivyo akianza kukuzungusha. Muuzaji ndiye anaanzisha transfa kwenye akaunti yake, wewe unaikubali kwenye yako. Kaeni meza moja, mbele ya wakili kama mnaweza, aifanye ukiona. Pesa zipitie benki. Na ubaki na sehemu ya pesa mpaka jina lako liingie. Muuzaji wa kweli atanung'unika kidogo kisha akubali. Tapeli ghafla atakumbuka kuna mteja anatoka Eldoret na keshi saa kumi jioni. Mteja huyo wa Eldoret nimemsikia mara nyingi sana na sijawahi kumwona.

Injini sitaingia sana, mimi si makanika. Lakini nimefuatana na makanika vya kutosha kujua machache. Fika asubuhi kabla gari halijawashwa na uweke mkono kwenye boneti. Ikiwa moto, mtu ameamka mapema kukuficha kitu, pengine gari husumbua kuwaka likiwa baridi. Fungua kifuniko cha mafuta ya injini: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mahali hayafai. Saa ya kilomita usiiamini hata kidogo, hizo zinarudishwa nyuma na kijana wa miaka kumi na tisa mwenye laptopu. Amini pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Kilomita elfu sitini na mpira wa pedali umeisha kama slipa ya Bata? Haiwezekani. Kisha lipeleke Mamboleo, ulipandishe kilima cha Riat ukiwa umewasha AC, macho yako kwenye mshale wa joto. Kuna magari ambayo ni mazuri sana hapa chini kando ya ziwa lakini kwenye Riat yanatubu. Na makanika awe wako, si yule ambaye "kwa bahati" yuko tu hapo karibu.

Mtu ataniuliza, sasa nitapata wapi gari la bei poa? Ukweli ni kwamba Kenya hakuna. KEBS hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, ushuru wa forodha ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka wa 2023, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Gari likishatoka bandarini Mombasa, limeshabeba mzigo wa kodi ambao hakuna muuzaji atakusamehe kwa sababu una sura nzuri. Ndio maana Vitz yenye umri wa kuingia darasa la nane bado inaulizwa pesa nyingi. Kwa hivyo bei ikiwa chini kuliko za wengine wote, kuna mtu mahali analipa hiyo tofauti. Pengine ni benki, pengine ni mtu aliyeibiwa, na pengine utakuwa wewe.

Na kabla ya gari, nunua pahali pa kulilaza. Nasema hivi kwa wasee wa Manyatta, Car Wash, Obunga, Migosi, wote. Ploti zetu nyingi hazikujengwa na mtu aliyefikiria kuwa mpangaji siku moja atakuwa na gari. Geti inapitisha mkokoteni tu. Kwa hivyo gari linalala nje, na asubuhi unapata vioo vya pembeni havipo, betri haipo. Ile bima ya chini ambayo wengi wetu tunalipa, ya kulinda watu wengine, haikulipi hata shilingi moja kwa kitu kilichoibwa kwenye gari lako. Unaanza kuulizia vipuri. Saa mbili jioni msee anakupigia: "Boss, kuna mahali naweza kukupatia." Analeta. Unaviangalia, ni vyako, hata ile mikwaruzo ya ukuta unaijua. Na unalipa, kwa sababu kesho kuna kazi.

Nimesikia hadithi hiyo ikisimuliwa kinyozini na watu wakicheka. Na mimi nilicheka.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kuandika. Mwaka niliohamia ploti ninayokaa, nilinunua spika ya wufa kwa shilingi 1,500. Saa nne usiku, kutoka kwa kijana ninayemjua kwa sura. Dukani hiyo ingekuwa zaidi ya elfu sita. Nilijua. Sitawadanganya kwamba sikujua. Nilijiambia nisipoichukua, mwingine ataichukua, hoja ambayo kila mtu mtaani anayo mfukoni. Nikaipigia muziki miezi mitatu.

Siku moja jirani wa ploti ya pili, mwalimu wa chekechea, mama wa watoto wawili, aliingia kwangu kunisaidia kujaza fomu fulani. Akakaa. Akatazama ile wufa. Upande wa nyuma kulikuwa na stika ya simba ya mtoto, nusu imebanduka. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hii uliitoa wapi?" Nikasema, "Nilinunua." Akasema, "Hii stika iliwekwa na kijana wangu." Tukamaliza fomu. Niliibeba wufa mpaka kwake jioni hiyo hiyo, nikaomba msamaha mbele ya watoto, na yeye akasema, "Asante kwa kurudisha." Hakusema lingine. Mpaka leo ananisalimia vizuri, na mpaka leo namwona nikiwa mbali navuka barabara.

Sheria nayo haituonei huruma. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, wizi wa kawaida kifungo chake ni hadi miaka 3. Kupokea kitu cha wizi, ukijua au ukiwa na sababu ya kujua ni cha wizi, ni kifungu cha 322, na huko ni hadi miaka 14. Soma tena hizo nambari. Anayenunua anaweza kukaa ndani muda mrefu kuliko aliyeiba. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni uonevu, ila baada ya ile stika sioni hivyo tena.

Na kuna upande wetu mwingine, mbaya zaidi. Mwizi akishikwa hapa mtaani, tunajua kinachotokea. Mawe, tairi, simu zikirekodi. Nimewahi kuona kijana akipigwa hivyo kwa sababu ya mtungi wa gesi wa kilo 6. Aliokolewa na mama mmoja wa kuuza omena aliyemlalia juu, naye akapigwa rungu moja ambayo haikuwa yake. Katika lile kundi niliona sura za watu ambao wangenunua huo mtungi saa hiyo hiyo kama ungeletwa gizani. Pengine na mimi ningekuwa mmoja wao. Mtu akishikwa, apelekwe kituoni. Kondele kituo cha polisi kiko, si mbali na mtu yeyote.

Haya, keja.

Mwizi wa mtaani si yule wa sinema. Hatoboi ukuta. Anaingia pale ulipomwachia, na joto la Kisumu linatufanya tumwachie sana. Usiku tunalala madirisha wazi, pazia linapepea, simu iko kwenye chaji dirishani. Jamaa anakuja na fimbo ndefu yenye ndoano, anavua kama yuko kwenye mtumbwi. Grili hazimsumbui. Weka wavu wa chuma wenye matundu madogo kwa ndani ya grili, upepo utapita na ndoano haitapita. Na chaji ya simu ihamie upande mwingine wa chumba. Hiyo haina gharama.

Ukihamia nyumba mpya, badilisha kitasa siku ya kwanza, kabla ya kupanga vitanda. Mpangaji aliyetoka ana ufunguo, keateka ana ufunguo, na yule aliyemwachia nyumba mpangaji aliyetoka pengine naye anao. Landilodi akilalamika, mwambie utamrudishia kitasa chake ukitoka. Na jaribu kuachana na kufuli la nje. Kufuli linaloning'inia mlangoni saa tatu ya mchana ni tangazo kwamba hauko. Mlango wenye kitasa cha ndani hausemi kitu.

Lakini siku ambazo tunaibiwa kabisa ni za matanga. Hili mtu wa nje hawezi kulielewa haraka. Mtu akifariki, tunafungua grupu ya WhatsApp ya mchango, tunaweka ratiba: Alhamisi mwili unatoka mochari, Ijumaa mkesha, Jumamosi mazishi, Jumapili tunarudi. Watu mia mbili wanajua kwa saa na dakika nyumba yako haitakuwa na mtu, na si wote mia mbili unaowajua. Halafu njiani unaweka picha kwenye status, "Tuko Ugunja, safari njema." Siwezi kukuambia usiende kumzika mtu wako. Ninachosema ni kwamba grupu ya mchango haihitaji kujua utalala wapi, picha zinaweza kungoja Jumatatu, na jirani mmoja tu abaki na ufunguo wa geti na aiwashe taa ya barazani jioni.

Jirani huyo anashinda kamera. Kamera itakuonyesha vizuri jamaa mwenye kofia akibeba runinga yako. Jirani atamuuliza anaipeleka wapi. Shida ni kwamba wengi wetu hatujui jina la mtu tunayegawana ukuta naye. Serikali ilileta Nyumba Kumi mwaka wa 2013, na mitaa mingi ilibaki jina tu, kwa sababu hatukutaka kukaa kikao. Basi usikae kikao. Peleka sahani ya mandazi.

Meko nayo isilale barazani. Ikiwa lazima, ifunge kwa mnyororo. Piga picha nambari za siri zilizo nyuma ya runinga na chini ya laptopu, ujitumie kwa barua pepe. Simu, bonyeza *#06# uandike IMEI mahali ambapo si kwenye simu hiyo. Chukua msumari, uchore jina lako chini ya kila kitu cha thamani, hata kama kinaonekana kibaya. Kitu chenye jina kinauzika kwa taabu, na polisi wakikamata shehena ya vitu vya wizi, utakachoweza kuthibitisha ni hicho tu. Watu huenda kituoni na kusema, "Ile nyeusi ya inchi 32 ni yangu." Zote ni nyeusi za inchi 32.

Na ukinunua kitu kilichotumika, hata pale Kibuye Jumapili mchana kweupe, omba risiti au andikianeni jina, nambari ya kitambulisho na simu, na umlipe kwa M-Pesa ili jina lake libaki. Anayekuuzia kilicho chake hatakataa. Mimi sasa nafanya hivyo hata kwa feni, na nimeshakosa vitu vizuri kwa sababu hiyo, nimeitwa polisi jamii, nimechekwa.

Nera hakurudi kulima. Amekuwa akikopa kwenye chama na kuuza mbuzi mmoja mmoja, na juzi usiku alinitumia nambari ya Sienta moja iliyo Mamboleo. Safari hii hakuniambia hadithi ya muuzaji. Aliandika tu, "Okewa, angalia." Nikalipa 550. Jina limelingana na la kitambulisho, hakuna mkopeshaji, na kwenye ile rejista nyingine pia ni safi. Bei si poa. Jumapili asubuhi saa moja tunaenda kuweka mkono kwenye boneti.